Mpishi au Daktari?

Jumamosi saa kumi na moja jioni, mwenye ukumbi wa video kule mtaani Jabe alizima filamu iliyotokana na riwaya ya zamani kabla muuaji hajajulikana, maana saa ya kutotoka nje ilikaribia. Jirani yangu, mama muuza vitenge, alinishika mkono.

"We dada, umesema hii kitabu uliisoma. Nani aliua? Mi sitalala!"

"Mpishi," nikamnong'oneza.

"Walai, nilijua!"

Jumapili asubuhi nilirudi ukumbini kutazama mwisho: watu wa sinema wamembebesha daktari mauaji yote! Riwaya ile inastahili filamu mpya, fupi ya kuisha mapema, isiyombadilisha muuaji. Nikaenda sokoni kujisahihisha, nikamkuta mama akiwasimulia wenzake ubaya wa mpishi, nao wanamsikiliza midomo wazi. Nikanunua kitenge, nikaenda zangu.