Neno Moja katika Daftari la Mutembei

Ni mwaka 2024, kiangazi cha mwezi wa Julai, katika kijiji kilicho karibu na Rubya, wilayani Muleba. Saa mbili asubuhi Joackim Mutembei, mwenye umri wa miaka 58, yumo ndani ya mtumbwi wa kukamulia, miguu mitupu, akizikanyaga ndizi za embire zilizoivishwa shimoni. Maji ya ndizi yanatoa povu kati ya nyasi. Ndiyo kazi yake tangu ujana: kuwakamulia watu ndizi zao ili wapate rubisi, pombe ya ndizi.

Ghafla dunia inazunguka. Anaona mitumbwi miwili, anaanguka, anatapika. Anapojaribu kuita, maneno yanatoka yamevurugika.

Wenye ndizi wanacheka.

"Mzee wetu Ta Joackim leo kajionjea!" anasema mmoja wao. "Mwacheni, pombe imemkumbuka."

Mutembei hajaionja pombe tangu mwaka 1999. Hukamua, hanywi. Lakini nguo za mkamuaji hunuka ndizi zilizochachuka, na kwa watu wavivu wa kufikiri harufu hiyo ilitosha kuwa ushahidi.

Mkewe, Vestina, alimpeleka zahanati kwa pikipiki. Mganga wa hapo, Avit Rwekaza, alimwambia mgonjwa atabasamu, mdomo haukupinda. Alimwambia ainue mikono. Yote miwili iliinuka. Hakumwambia asimame. Aliandika neno moja katika daftari la mgonjwa, kisha akatoka hadi mlangoni na kulitangaza mbele ya akina mama waliojaa kwenye benchi.

"Huyu hana kiharusi. Ni ulevi! Mrudisheni nyumbani alale, utamtoka."

"Hata mimi niliamini," anasema Vestina, na hasira yake hapo ni juu ya nafsi yake. "Nilimwambia, umeniaibisha, baba Edvina. Akalia. Nikadhani ni machozi ya mlevi."

Siku mbili zilipotea hivyo. Siku ya tatu binti yao, Edvina, alifika kutoka Rwamishenye, mtaa wa Bukoba, akamkuta baba yake hawezi hata kuketi bila kuegemea ukuta. Alimkimbiza hospitali mjini Bukoba. Picha ilionyesha kiharusi nyuma ya ubongo, katika sehemu inayoushikia mwili mizani yake.

Daktari aliyemtibu, Hellen Kamala, hafichi ghadhabu yake.

"Watu wanangoja mdomo upinde ndipo waamini! Mishipa ya ubongo ni mingi, na kila mmoja una eneo lake. Bomba la Rwamishenye likiziba, si lazima mtaa wa Nshambya nao ukose maji. Ukiziba mshipa wa kati, uso na mkono wa upande wa pili hulegea, na ukiwa wa kushoto, mara nyingi maneno hupotea. Ukiziba wa mbele, mguu ndio hulemewa zaidi. Ikiziba ya nyuma, mtu aweza kupoteza nusu ya anachokiona, au akapata kizunguzungu, akatapika, akaona vitu viwili viwili, akayumba. Mlevi naye huyumba. Ndiyo maana mganga huuliza kabla ya kunusa."

Mutembei alijifunza kutembea upya kwa miezi mitano. Mwendo ulirudi, jina halikurudi.

"Mkamuaji mlevi huonja madebe ya watu," anasema. "Nani atampa ndizi zake? Tangu siku ile hajaniita mtu, hata shemeji yangu. Wote wanasema mganga ameandika."

Hata hivyo, amekwisha kuchimbia fito mbili kando ya mtumbwi wake, za kushikilia. Anakusudia kukamua tena Julai hii ya 2025. Lilibaki jambo moja, na mwezi wa Juni, siku ya kliniki, alilifuata zahanati kwa miguu, fimbo mkononi, Vestina ubavuni.

Rwekaza aliisoma karatasi ya hospitali mara mbili.

"Pole sana, Ta Joackim. Lete daftari nirekebishe." Alilikata lile neno kwa kalamu, akaandika "kiharusi" juu yake. "Basi, yamekwisha."

"Hayajesha, waitu," alisema Mutembei kwa heshima ya Kihaya. "Hukuliandika tu. Ulilisema pale mlangoni."

"Lakini mzee wangu, waliokuwapo siku ile hawapo leo."

"Wapo wengine, na wana masikio."

"Siku ile sauti yako ilifika barabarani, mwanangu," alidakia Vestina. "Imekauka?"

Rwekaza aliinuka, akalichukua daftari, akaenda kusimama mlangoni. Benchi lilikuwa limejaa.

"Julai ya mwaka jana," alisema, "nilitangaza hapa kwamba Joackim Mutembei alikuwa amelewa. Hakuwa amelewa. Alikuwa na kiharusi cha nyuma ya ubongo. Nilikosea mimi."

"Ati nani?" aliuliza bibi mmoja mwishoni mwa benchi.

"Joackim Mutembei!" alirudia mganga, na safari hii sauti ilifika barabarani.