Stima Saba za Mama Nekesa

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja kule Kayole, Nairobi, mjomba wangu Barasa alipotoka bafuni na taulo kiunoni na povu kichwani, akasimama mbele ya watu tuliokwenda kuwaposea binti yao. Kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa fundi wa stima, kijana mwenye maringo kuliko ujuzi. Nilimpenda Nekesa, na mamaye alipomaliza kujenga nyumba alinipa kazi ya kuitilia umeme. Kabla ya kuomba laini ya umeme, fundi hukadiria mzigo wa nyumba, yaani umeme utakaotumika kwa pamoja, ili waya na swichi kuu viumudu. Nikamwuliza mama, "Mtatumia stima ngapi?" Nawe unatujua watu wa Eastlands: stima ni umeme, na stima ni taa. Mama akatazama dari, akahesabu vyumba.

"Sita. Na ya choo, saba."

Nikaandika taa saba, nikachagua waya mwembamba na swichi ndogo, nikajiona mhandisi.

Siku ya posa, jikoni waliwasha koili mbili za kupikia na oveni ya kuku. Shangazi yangu alikuwa akipiga pasi suti ya mjomba. Mjomba naye, aliyetoka Bungoma na vumbi lake, alikuwa amegundua shawa ya maji moto na hakutaka kuiacha. Swichi kuu ikaruka, umeme ukakatika nyumba nzima. Nikairudisha, ikaruka. Mara ya tatu niliirudisha nikiomba kimoyomoyo, ikaruka vilevile, na ndipo mjomba akatokea kuuliza ni nani aliyempozea maji. Mama Nekesa akageukia ukuta. Nekesa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliona aibu, we acha tu.

Kwa aibu hiyo nikachukua waya mnene niibane swichi isiruke tena. Babu yake Nekesa, aliyestaafu ufundi kiwandani Industrial Area, akanishika mkono.

"Kijana, hiyo swichi inakuambia ukweli. Ukiiziba mdomo, itakayosema ni nyumba, na itasema kwa moto."

Akaniketisha, akaniandikisha kila kinachokula umeme na wati zake, kisha akaniambia nitie alama vinavyowashwa pamoja. Shawa peke yake ilizishinda taa zote saba, tena mbali. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na shawa. Posa ikaahirishwa hadi nibadilishe waya na kuomba laini kubwa zaidi. Wiki sita, mwanangu, nikihofia Nekesa atampata fundi mwingine. Bahati yangu, mafundi wengine nao walikuwa wakihesabu taa.

Basi ukijenga, hesabu kinachochemsha kabla ya kinachomulika. Hesabu kwa siku ya wageni, si kwa siku uliyo peke yako, na uwaachie nafasi watoto, maana watakuja na vyombo usivyovijua. Na ukikosea, kubali mapema. Kuuliza si ujinga.

Mungu akujalie nyumba ijae watu, kila mmoja akiwasha chake, na swichi yako isiwe na la kusema.