Wasifu Usio na Idadi ya Watoto

Jino langu la mbele liling'olewa na mpini wa chepe, makaburini Ipogolo, Iringa, kwa sababu ya sentensi niliyokuwa nimeionea fahari. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia naishi kwa kuandika huniuliza inalipa vipi, na mimi huanza kufikiria nianzie wapi, na nikishafikiria sana siwezi tena kuanza. Basi naanzia kwenye jino.

Nilimaliza chuo nikiwa na shahada ya fasihi na mswada wa riwaya uliojaa begi. Nilipomwambia baba kwamba sitaomba ualimu, kwamba nataka kuandika, alinizaba kibao mbele ya wadogo zangu. Kilikuwa kibao chake cha mwisho kwangu, na nilikipata picha yangu ya mahafali ikiwa tayari imetundikwa ukutani juu ya kichwa chake. Wachapishaji wawili hawakujibu. Wa tatu alijibu kwamba nichangie gharama. Nikapata meza kwenye steshenari moja ya Mwanjelwa, Mbeya, nikawa nawachapia watu barua na maombi ya kazi.

Mwenye steshenari alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa Mbeya, anayejua Kinyakyusa kuliko mimi. Ni yeye aliyenipa wasifu wa kwanza. Kwetu hazikwi mtu bila wasifu wake kusomwa: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliugua nini, ameacha mjane na watoto wangapi. Wafiwa walileta maelezo kwenye karatasi ya daftari, mimi nachapa kama yalivyo. Siku moja nilishindwa kujizuia. Marehemu alikuwa muuza ndizi, na binti yake aliponiambia kwamba mama yake alizihesabu kwa kuimba, nikaliingiza hilo. Nilisimuliwa kwamba liliposomwa, binti alianguka chini na nusu ya waombolezaji wakaanza kulia upya. Wiki iliyofuata wakaja watu wakimuulizia yule dada wa wasifu.

Ndivyo nilivyoanza kulipwa kwa maneno yangu. Nilijifunza kuandika sentensi fupi, maana anayesoma huwa analia na pumzi hazimtoshi. Mama wa steshenari alinifunza kuishia ukurasa mmoja. "Ukurasa wa pili," alisema, "watu wameshaanza kunusa pilau." Na nilijifunza kwamba marehemu wote walikuwa wacheshi, wakarimu na wapenda amani.

Hilo la mwisho lilininyima raha. Mchana mmoja nilikuwa nachapa "mpenda amani" wakati nje, hatua chache kutoka mlangoni, kijana aliyekwapua simu alikuwa anapigwa. Nilisikia matofali yakitua. Kuna mlio wa tofali likigonga ardhi na kuna ule mwingine. Kaka wa marehemu niliyekuwa namwandika alikuwa amekaa mbele yangu akisubiri. Alitoka, akakaa huko dakika mbili, akarudi na damu kwenye ncha ya kiatu. Akauliza kama nimemaliza. Nikamwambia bado neno moja. Nikalifikiria lile neno mpaka kichwa kikauma, kisha nikaliacha palepale, kwa sababu nilihitaji kodi.

Miezi michache baadaye akaja mfanyabiashara wa viazi wa hapo Mwanjelwa, mtu wa Iringa, mnene na mpole wa sauti. Mdogo wake, dereva wa lori, alikuwa amekufa kwenye mteremko wa Kitonga baada ya lori kumlalia. Huyu kaka alikuwa amewahi kusikia wasifu wangu ukisomwa kwenye msiba wa jirani.

"Dada, twende wote nyumbani," alisema. "Ukakae na ndugu, uandike kitu cha maana. Yule alikuwa mtu wa watu."

Alinilipa palepale, zaidi ya nilivyozoea. Nilipaswa kujiuliza kwa nini. Mimi hujiuliza kila kitu, lakini siku hiyo nilijiuliza tu nivae nini.

Tukiwa njiani na gari lake, tulisimama Igawa kununua mchele wa msiba. Wauza mchele walizunguka gari, na mmoja wao, mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa, akaja na sado yake ya bati ya kupimia mkononi mpaka dirishani kwa yule mfanyabiashara. Nyuma yake alisimama binti wa kama miaka tisa, amevaa sweta la shule.

"Shemeji, pole," alisema.

Kaka wa marehemu aliangalia mbele. "Mimi siyo shemeji yako."

"Nikuite nani sasa? Juzi juzi umekula kwangu ukaomba na ukoko."

"Mchele kiasi gani?"

"Mtoto anataka kumzika baba yake."

"Hapa barabarani malori ni mengi, mama. Baba zake pia ni wengi."

Mwanamke aliweka vidole kwenye ukingo wa kioo, kama mtu anayetaka kuinama aseme jambo la siri. Kaka akabonyeza kitufe. Kioo kilipanda taratibu mpaka kikakutana na vidole, kikaendelea. Yule mwanamke hakupiga kelele. Alichukua sado kwa mkono wa pili akaanza kukipiga kioo, mara moja, mara mbili, mara ya nne kikapasuka kama utando wa buibui. Ndipo kaka akakishusha. Kucha mbili zilikuwa zimegeuka rangi.

"Tutaonana kaburini, shemeji," alisema, na akamshika binti yake kwa mkono ule ule ulioumia.

Tuliondoka bila mchele. Kilomita kadhaa zilipita ndipo kaka aliponiangalia kwenye kioo cha juu. "Watoto watatu," akasema kwa ile sauti yake ya upole. "Andika kwa tarakimu na kwa maneno."

Nikasema sawa. Nikasema tena sawa, nikihofu ya kwanza haikusikika.

Nilijua kinachogombewa. Idadi inayosomwa kaburini ndiyo inayotajwa kwenye kikao cha ukoo wakati wa kugawa, na marehemu alikuwa na nyumba Ipogolo yenye vyumba vya kupangisha. Watoto waliohesabiwa huitwa kwa majina waweke shada. Asiyeitwa hana baba, na watu mia tatu ni mashahidi.

Ipogolo walinipeleka kwa mjane. Alikuwa amekaa juu ya godoro na wanawake wa kanisani, akanisalimu kwa Kihehe, "Kamwene," kisha akawaomba watupishe. Aliinua mkono wa kushoto. Chini ya kiwiko ulikuwa umepinda kama tawi lililovunjika likaungika lenyewe.

"Umeshaambiwa uandike wangapi?"

"Watatu, mama."

"Mimi nimezaa watatu. Wa nne yupo Igawa. Nilisikia habari zake, nikamuuliza baba yao usiku mmoja anakula. Alinawa mikono kwanza. Alinawa, akajifuta, akachukua mchi." Aliutazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nikalala na huu mfupa siku mbili ndipo akanipeleka hospitali, na huko nikasema nimeteleza. Sasa wewe msomi niambie. Ukiandika huyo mtoto hayupo, mimi nilivunjwa kwa nini?"

Nilimuuliza aliupenda wimbo gani wa kanisani, marehemu.

Niliandika hadi asubuhi kwenye kochi la watu. Nikiandika watatu, mjane atanisikia. Nikiandika wanne, kaka atanisikia, na kaka ndiye aliyelipa, na kaka ana nusu ya wateja wa Mwanjelwa. Niliwaza kuugua. Niliwaza kupoteza miwani, na mimi sina miwani. Kulipokucha nikapata hii: "Ameacha mjane, na watoto aliowapenda kila mmoja kwa namna yake." Hakuna aliyedanganywa na hakuna aliyetajwa. Nilikwenda mjini kuichapisha huku naisema kimoyomoyo kama mtu aliyeshinda kesi. Kaka aliipokea karatasi, akaisoma mpaka pale nilipoandika kwamba yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, akajifuta macho, akanirudishia. Hakufika chini.

Makaburini jeneza lilishashushwa, watu wamezunguka, vijana wa ukoo wameshika machepe. Yule mwanamke wa Igawa alisimama upande wa chini na kaka zake wawili, vidole vimefungwa kitambaa, binti mbele yake na shada dogo la maua ya kununua. Aliyesoma ni mwinjilisti, mzee mwenye sauti nzuri. Alisoma kuzaliwa, alisoma lori la kwanza, watu walilia pale nilipopanga walie. Akafika kwenye sentensi yangu. Akaisoma. Akageuza karatasi nyuma, akairudisha mbele.

"Hapa idadi haipo," alisema.

Mtu mmoja akacheka kidogo. "Mwandishi kakimbia hesabu tangu shule ya msingi."

"Watatu," kaka akasema.

"Wanne," ikasema sauti kutoka upande wa chini.

Wangenyamaza, kama karatasi ingesema lolote. Karatasi ingesema watatu, mwanamke angelia na kubishana baadaye. Ingesema wanne, kaka angenisubiri mimi nje ya makaburi. Mimi niliacha pengo, na kila mmoja aliona pengo ni lake. Vijana wawili wa ukoo walimfuata yule mwanamke. Mmoja alimvuta nywele, akaanguka kifudifudi kwenye udongo wa kaburi, wakamburuta kwa mguu huku gauni limepanda na yeye amekumbatia mguu wa kijana wa pili anauma shavu la mguu mpaka kijana analia kama mtoto. Kaka zake wakaingia. Nilisikia chepe likitua kwenye bega la mtu. Mchungaji aliyeongoza ibada alikuwa anasema "ndugu zangu, ndugu zangu," na hakuna aliyekuwa ndugu yake. Mtu mmoja aliteleza akaingia kaburini, akasimama juu ya jeneza, akawa anapigwa kutoka juu na hawezi kutoka. Shada la yule binti lilikanyagwa. Yeye alibaki amesimama palepale, mikono imeshika umbo la shada ambalo halipo.

Nilikimbia kumtoa. Sikumfikia. Kijana alirudisha chepe nyuma ili apate nguvu ya kupiga mbele, na mpini ukanikuta mdomoni.

Ningependa kusema kilichofuata kilikuwa ujasiri. Nadhani ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe kichwa changu kilikuwa kimya. Nilikaa chini, nikatema jino kwenye kiganja. Nilipoinua macho niliona mjane ametoka kwenye mkeka wake. Alipita katikati ya wanaume wenye machepe akiwa ameutanguliza ule mkono uliopinda, nao wakampisha, maana ni mkosi kumgusa mjane juu ya kaburi la mumewe. Akamfikia binti, akamshika bega, akageuka kuwatazama wote. Machepe yakashuka moja moja.

Mwinjilisti aliniletea karatasi. "Dada, hii kazi ni yako. Imalizie."

Nilitaka kuongea, damu ikajaa. Nikachomoa kalamu mfukoni mwake nikaandika pembeni ya sentensi, kwa tarakimu na kwa maneno: 4, wanne. Tone likaangukia karibu na tarakimu. Akapokea, akasoma upya kwa ile sauti yake nzuri, kana kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Binti aliitwa wa mwisho. Hakuwa na shada, akatupa udongo.

Kaka hakunirudisha Mbeya. Nilipanda basi na kanga ya mjane mdomoni. Mama wa steshenari aliponiona alifunga duka mchana, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya, akanikandamiza barafu akinitukana kwa Kinyakyusa.

Kikao cha ukoo kilipokaa, mjane aliipeleka ile karatasi. Alinipigia kuniambia matokeo. Waliipitisha mkono kwa mkono, na kaka akawaonyesha kwamba maandishi yote ni ya mashine ila idadi ni ya kalamu. Imeongezwa, alisema, katikati ya fujo, na mtu aliyepigwa kichwani. Nyumba ikagawiwa watatu. Ningeichapa tangu mwanzo, asingekuwa na la kusema. Ningepigwa vilevile, labda nikiwa peke yangu.

Bado naandika wasifu, ndiyo kodi yangu. Wateja wa viazi wamehama, wengine wamekuja. Kitu cha kwanza ninachoandika sasa, kabla ya jina la marehemu, ni idadi ya watoto, na naiuliza kwa watu watatu tofauti. Mara mbili nimekataa hela. Mara moja nilizichukua nikaandika uongo, na sijalala vizuri tangu hapo, kwa hiyo sitajifanya nimepona.

Juzi mjane alipiga tena. Aliniuliza kama nimeweka jino la bandia, nikasema bado nachanga. Nyuma yake nilisikia watoto wakilia kwa sauti tofauti tofauti.

"Huyu wa Igawa kaja likizo," alisema. "Wamegombea kitanda mpaka wameng'atana. Kaanza yeye, kumbe ana meno ya mama yake."

"Ukafanyaje, mama?"

"Nifanye nini? Nimechukua fimbo nikawachapa. Wote wanne."