Aliyemsindikiza Bingwa

Mtaa mzima ulimwita Plasta, na hata baba yake mzazi alikuwa amesahau kumwita vinginevyo. Alikuwa muuguzi wa chumba cha vidonda katika zahanati ya mtaani. Waendesha baiskeli wote wa klabu ya mji waliowahi kuchubuka magoti, viwiko au makalio walipita mikononi mwake. Alijua kutoa kokoto kwenye nyama ya mtu huku akimpigia soga, mpaka mgonjwa asahau alikuwa amejiandaa kulia. Mapenzi ya mbio aliyarithi kwa baba yake, mzee aliyesambaza barua kwa baiskeli maisha yake yote ya kazi, na ambaye hadi leo akimwona mtu anapanda mlima bila kushuka husimama kando ya barabara kumpigia makofi, awe bingwa au muuza maziwa.

Ndiyo maana mashindano makubwa yalipopangwa kumalizikia juu ya mlima wa mji wao, na ofisi ya kupima waliotumia dawa za kuongeza nguvu ikatafuta wasaidizi wenye subira, Plasta alijitokeza kabla tangazo halijakauka gundi. Kazi yenyewe ilisikika ndogo. Mwendeshaji aliyechaguliwa kupimwa akishavuka mstari wa mwisho, msindikizaji humfuata, humwambia kwamba anatakiwa kutoa mkojo, na tangu hapo macho hayabanduki kwake mpaka mlango wa ofisi. Anaweza kunywa maji, kupanda jukwaani, kuhojiwa, kubadili nguo, hata kulia akipenda. Lakini haachwi peke yake, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya hahitaji muda mrefu kuchezea mkojo wake.

"Yaani umesomea uuguzi ili umfuate mwanamume mpaka chooni," shemeji yake alimtania asubuhi ya siku hiyo, wakiwa mezani. Shemeji huyu, mdogo wa mumewe, alikuwa muuza nyama, na alikuwa amefunga bucha kwa ajili ya mbio.

"Mpaka mlangoni, shemeji. Ndani anaingia daktari."

"Na wakikupa Chuma?"

Mzee, baba yake Plasta, aliacha kutafuna. Jina hilo halikutajwa tena kirahisi nyumbani mle. Chuma alikuwa bingwa wa misimu mitatu mfululizo, na kwa misimu miwili ya kwanza wote walimshangilia kwa sauti moja. Kisha daktari wake wa zamani akakamatwa akiwauzia wengine dawa za kuongeza nguvu, na magazeti yakaanza kuuliza Chuma anapandaje milima kwa kasi ile. Alipimwa, akapimwa tena, na hakuna kilichoonekana. Tangu hapo mtaa ukagawanyika, na nyumba ya Plasta nayo ikagawanyika pamoja nao.

"Mimi nasema hivi," muuza nyama akaendelea. "Nachinja kila siku, najua kiumbe hai kinavyohema. Hakuna mtu anayemaliza mlima ule mdomo umefungwa."

"Wamempima. Wameona nini?" mzee akauliza.

"Hawajaona kitu. Kwani wezi wote wameonekana?"

"Kweli. Hata wewe na mizani yako hujaonekana bado."

Plasta alicheka mpaka chai ikampalia. Mzee hakucheka. Alimgeukia binti yake. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi nangoja vipimo, baba."

"Vipimo vimeshasema!"

"Basi nangoja vya leo."

Wote wawili walimsonya kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana asubuhi hiyo.

Wasichokijua ni kwamba Plasta alikuwa na upande wake. Alimwamini Chuma. Alikuwa amemwona kwenye televisheni ya zahanati akianguka kwenye mvua, akiinuka, na kushinda huku damu inamchuruzika mguuni, na siku hiyo alilia mbele ya wagonjwa wake. Alichokitaka ni kitu kimoja: apewe Chuma, amfikishe ofisini bila doa, kisha arudi nyumbani amwambie baba yake, nilikuwa naye, sikumwacha, maneno yaishe.

Akapewa. Daktari wa vipimo, mwanamume mfupi asiyepandisha sauti, alimkabidhi kizibao cha kazi na namba ya Chuma. "Ukimfikisha nitakuuliza swali moja," alisema. "Umemwona muda wote? Jibu ni ndiyo au hapana. Hapa hatuna 'karibu muda wote'."

Juu ya mlima watu walikuwa wamejazana nyuma ya vyuma vya kuzuia umati. Wengine walikuwa wameandika jina la Chuma barabarani kwa chokaa. Wengine walikuwa wamebeba sindano kubwa ya maboksi, ndefu kuliko mtu, na kila pikipiki ya polisi ilipopita waliitikisa na kupiga miluzi. Plasta alimwona baba yake karibu na mahali mabasi ya timu yalipoegeshwa, amejibanza mbele kabisa, muuza nyama akiwa nyuma yake kama mlinzi.

Chuma alitokea peke yake kwenye kona ya mwisho. Kelele zilizopanda zilikuwa za shangwe na matusi, huwezi kuzitenganisha. Alipanda akiwa amekaa, mabega yametulia, na mdomo wake ulikuwa umefungwa. Moyo wa Plasta ulipiga kwa furaha, halafu ukapiga kwa namna nyingine. Alimchukia shemeji yake kwa kumtia maneno yale kichwani.

"Hongera, kaka," alimwambia mara tu alipoteremka kwenye baiskeli. "Umechaguliwa kwenye vipimo. Mimi nakusindikiza."

Chuma alimtazama kizibao, kisha uso. Jasho lilikuwa linamdondoka puani. "Sawa, dada. Nimeshazoea. Wewe tu usinipoteze."

Hakumpoteza. Alisimama chini ya jukwaa wakati Chuma anavishwa jezi ya bingwa. Alisimama nyuma ya bega lake mwandishi wa habari alipomsogezea kipaza sauti na kumuuliza kwa nini mashabiki wamwamini. "Asiyeniamini achukue baiskeli apande," Chuma alijibu, na watu wake wakalipuka kwa vicheko. Plasta hata kupangusa jasho machoni aliogopa.

Kisha Chuma akasema anataka kubadili nguo, maana amelowa na upepo wa mlimani unamchoma mgongo. Ilikuwa haki yake. Walielekea kwenye basi la timu, na mlangoni wakamkuta meneja, mtu mnene mwenye miwani ya jua iliyopandishwa kichwani.

"Mama, hapa wanaume wanavaa," alisema meneja, akijaza njia kwa mwili wake.

"Wavae tu, nimeona mengi. Mlango ukae wazi, nami nisimame hapa."

"Unamdharau bingwa."

"Ningemdharau ningemwacha peke yake, halafu kesho mseme nini?"

Chuma alicheka, akampita meneja, akapanda ngazi. Aligeuka pale mlangoni kuwapungia watu mkono. Plasta aliweka mguu karibu na ngazi na kumkazia macho. Ndipo sauti anayoijua kuliko zote duniani ilipomfikia kutoka kwenye vyuma.

"Plasta! Wee Plasta! Mwache kijana apumue, utamvaa kama shati?"

Akageuka. Ni mazoea ya maisha mazima. Baba akiita, unageuka. Alimwona mzee amenyoosha shingo, watu wanacheka kandokando yake, na kabla hajamnyooshea kidole anyamaze, nyuma yake mlango wa basi ulifungwa kwa kishindo.

Aliugeukia mlango akaugonga kwa viganja vyote viwili. "Fungueni! Kaka, fungua!" Meneja, ambaye sasa alikuwa nje naye, alisema taratibu, "Ni upepo tu, mama. Usituletee watu." Haukuwa muda mrefu. Mtu angeweza kufunga kamba za viatu vyake, au asizimalize. Mlango ulifunguka na Chuma akatoka na jezi kavu, chupa ya maji mkononi.

Walitembea kuelekea ofisini, meneja hatua chache nyuma yao.

"Kwa nini mlango ulifungwa?" Plasta aliuliza hatimaye.

"Upepo, dada."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilivaa soksi." Chuma alipunguza sauti. "Sikiliza. Unajua watafanya nini na neno lako? Hata mkojo wangu ukiwa msafi kama maji ya mvua, wataniita mwizi mpaka nizikwe. Na wewe si wao. Nilikuona pale kwenye mstari ulivyofurahi."

Ilikuwa kweli. Na ubaya wa maneno ya Chuma ni kwamba mtu asiye na hatia angeyasema yaleyale.

Daktari alikuwa amekaa nyuma ya meza nyeupe. Alimsalimia bingwa, akamwonyesha kiti, kisha akamtazama Plasta. "Umemwona muda wote?"

Kulikuwa na feni inayozunguka juu yao. Plasta alifikiria nyumbani, akamfikiria baba yake akilisikia jambo hili redioni. Neno ndiyo lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Hapana," alisema.

Meneja alifoka hadi miwani ikamwangukia usoni. Mwanamke huyu hajui kazi! Alikuwa anapiga domo na mashabiki, upepo ukapiga mlango, sasa anatafuta jina! Daktari alimwacha amalize.

"Kama ni upepo, ni bahati mbaya, tutapima na kuendelea," alisema. "Kama mtu aliufunga ili msindikizaji asione, hilo peke yake ni kosa, hata mkojo ukiwa safi. Dada, wewe uliuona ukifungwa?"

"Hapana. Nilikuwa nimegeuka. Baba yangu aliniita."

"Yuko wapi?"

Katika umati wote ule, mtu pekee ambaye Plasta alikuwa na hakika kwamba alitazama upande ule ni baba yake. Na kama kulikuwa na mtu mlimani pale aliyekuwa tayari kudanganya kwa ajili ya Chuma, ni huyohuyo. Akidanganya, yeye Plasta atatoka humo akiwa mzushi, na kesho hata wenye vidonda watamkwepa.

"Nje," alisema. "Nitamleta."

Alimkuta mzee anawasimulia watu. "Huyu hapa! Binti yangu mwenyewe! Amepumua hewa moja na Chuma!"

"Baba, daktari anakuita."

Muuza nyama aliusoma uso wake mara moja. "Wamemkamata! Nilisema mimi! Jamani, wamemkamata!"

"Shemeji, nyamaza! Sijasema ametumia dawa. Nimesema sikumwona."

"Si kitu kilekile?"

"Si kitu kilekile hata kidogo!"

Lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Wenye sindano ya maboksi walianza kuruka na kuimba. Wenye jezi za Chuma walisogea, na mmoja akamrushia Plasta chupa iliyompiga begani. "Msaliti! Umelipwa na nani?" Mzee alijipenyeza kati ya vyuma, akamkinga binti yake kwa mwili wake mkavu, wakaenda.

"Nikaseme nini?" aliuliza njiani, pumzi zikimkatika.

"Sikwambii, baba."

"Niambie, nitasema."

"Ndiyo maana sikwambii."

Walipoingia, Chuma alisimama na kumpa mzee mikono yote miwili. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ya mzee ilikwaruza. Hakuwahi kufikiri atakaribia hivyo, mpaka aone kovu la ile ajali ya mvua chini ya goti.

"Mzee," daktari alisema, "binti yako alipogeuka kukutazama, wewe ulikuwa unatazama wapi?"

"Nilikuwa namtazama yeye." Alimwonyesha Chuma kwa kidevu. "Huyu akiwepo, mimi simtazami mtu mwingine."

"Mlango ulifungwaje?"

Plasta alitazama sakafu. Hakutaka macho yake yamsaidie baba yake, wala yamlazimishe.

Badala ya kumjibu daktari, mzee alimgeukia bingwa. "Mwanangu, sema wewe. Ukisema wewe itakuwa afadhali."

Chuma alizungusha chupa mkononi. "Upepo, mzee," alisema, bila kuinua uso.

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari ya msiba anayoijua tayari.

"Haukuwa upepo, daktari. Aliuvuta mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa bado anatupungia."

Daktari aliandika, akachukua kikopo cha sampuli kilichofungwa kwenye nailoni, akamwambia Chuma wafuatane. Bingwa aliinuka. Alipompita mzee alitaka kama kusimama, lakini hakusimama, na mlango wa ndani ukafungwa nyuma yao.

"Labda alivaa soksi kweli," mzee alisema.

"Labda, baba."

"Mtu anaweza kufunga mlango kwa aibu tu."

"Anaweza."

"Sasa nimemuua au sijamuua?"

Huko nje nusu ya umati ilikuwa inaimba jina la Chuma, nusu nyingine inalizomea. Plasta aliitazama mikono ya baba yake iliyokuwa juu ya magoti. Akasogeza kiti chake kando yake, akaishika yote miwili, kama anavyowashika wagonjwa kabla hajaanza kusafisha kidonda.