Tanuri la Baba na Masinia ya Watu

Mtu asinidanganye kwamba moshi una baraka. Mie nimekulia ndani ya moshi, nimeufua kwenye kanga na kuulalia kwenye mto, na mama yangu alikufa kifua kikimpiga filimbi. Kwa hiyo nikisema habari za tanuri la baba sisemi kwa mapenzi. Nililichukia. Lilikuwa chini ya nyumba yetu, Mji Mkongwe, kwenye uchochoro mwembamba nyuma ya Darajani, tanuri kubwa la mawe na chokaa alilolijenga babu, na kuta za majirani zote zilifanya weusi kwa sababu yake. Gari la ng'ombe likileta kuni za mivinje na magunia ya vifuu, uchochoro unafunga, na watu wanatutukana mpaka tumalize kupakua.

Lakini baba alikuwa mtu kwa ajili ya tanuri lile. Asubuhi aliuza mikate ya boflo, na hiyo ni biashara tu, kila mtu anauza kitu. Heshima yake ilikuwa siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani. Kwetu sikukuu haingoji kalenda, inangoja mwezi. Ukiandama leo, kesho ni Idi, na hakuna mwanamke anayetaka mwezi umkute hana cha kumwekea mgeni. Basi tangu adhuhuri walikuwa wakiteremka na masinia yao vichwani, mkate wa mayai, mkate wa mchele, biskuti za nankhatai zimepangwa safu, wanamwachia baba ayaoke, wanarudi kupika futari. Baba akisema kwamba mtu akikuachia sinia lake la sikukuu kakuachia uso wake, maana wageni watakuja wautizame. Watu ambao mwaka mzima hawampi hata salamu, Mtumbatu muoka mikate, siku hiyo walimwita mzee wetu. Mie nilikuwa nikicheka pembeni. Nilikuwa nimesharudi kwetu na talaka yangu, nasomesha skuli, na sikuwa na kazi nyingine jioni ila kuwacheka watu.

Ndipo akaja afisa. Msichana mpole, mtandio kautanda vizuri, kishkwambi mkononi. Alimwamkia baba shikamoo, akaketi juu ya gunia la unga bila ya kulipangusa, na hapo hapo baba akampenda. Akatueleza. Bahari inapanda, visima vinaingia chumvi. Kule Kiwengwa maji yamekuwa ya moto, mwani unakufa, wanawake wanatoka baharini na kamba tupu. Miti ya kisiwa inaishia matumboni mwa matanuri. Na nchi nayo inataka umeme, inataka viwanda, inataka watalii, inataka hewa safi, vyote kwa pamoja, kwa hiyo kila mtu atoe kidogo alichonacho. Sisi tutoe tanuri, na tutapewa la umeme, jipya, bure, na mafunzo juu yake. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, maana angekuwa muongo ningempata wa kumlaani nikalala usingizi wangu.

Sharti lilikuwa moja. La zamani livunjwe, tena mbele ya kamera, kwa sababu tanuri lililosimama kwao linahesabiwa kwamba linawaka.

Baba akauliza, "Na umeme ukikatika, mwanangu?"

"Laini ya mtaa itaongezwa nguvu, mzee. Imo kwenye mpango."

Baba akanigeukia mie, kwa kuwa ndimi niliyesoma. Nikamwambia akubali. Nikamwambia, "Au unangoja na mie nife kifua?" Akainamisha kichwa. Nilijua pa kumpiga, na nilimpiga hapo hapo, na ukinirudisha siku ile nadhani ningempiga tena, kwa sababu moshi ule ulikuwa umeshamla mama.

Siku ya kuvunja walikuja watu na suti zao, wakatandikiwa mkeka uchochoroni, wakahutubu. Asubuhi ile baba alikuwa ameoka kama kawaida, hakutaka kulizima lina njaa, alisema. Kwa hiyo mawe yalikuwa bado ya moto alipopewa nyundo. Akapiga. Mpiga picha akamwomba arudie, jua lilikuwa vibaya. Akapiga tena. Mara ya tatu ukuta wa mbele ukaporomoka, vumbi la chokaa likamwingia machoni, akakunja uso na kuuma meno, na hiyo ndiyo picha waliyoichagua. Iliwekwa kwenye bango kubwa njia ya Chukwani, ukiitizama kwa mbali utaapa kwamba mzee anacheka. Waliandika chini yake kwamba hewa safi huanza na mimi.

Siwezi kusema la umeme lilikuwa baya. Lilioka sawasawa. Kuta tukazipaka nyeupe, nikaanza kuanika nguo zangu uwani bila ya kuzichungulia kila saa. Moshi pekee uliobaki ni wa hoteli ya pembeni mwetu, nyumba ya watu iliyonunuliwa ikafanywa vyumba vya wageni, na jenereta lao la dizeli wameliweka mdomoni mwa uchochoro linapumulia dirishani kwetu. Nilimuuliza afisa mbona hilo halivunjwi. Akaona haya, maskini, akasema hoteli ina utaratibu wake, na utalii ndio uchumi wenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu wetu kaja, na mwenyeji ndio kwanza anakohoa.

Ikafika ishirini na tisa. Masinia yakateremka kama miaka yote, na baba akayapokea yote, hajapata kumkatalia mtu. Laini ya mtaa ilikuwa haijaongezwa nguvu. Na alasiri ile mji mzima ulikuwa ukifanya jambo moja, huyu anapiga pasi kanzu, yule anasaga juisi, majokofu yamejaa nyama, mafeni yanazunguka, kila mtu anauwahi mwezi. Tukasikia mlio upande wa Michenzani, kama mtu kaangusha gunia la nazi juu ya bati, kisha kimya. Taa ya tanuri ikazima. Ndani mlikuwa na masinia ambayo ndio kwanza yanaanza kushika rangi, na sakafuni yamepangwa mengine mpaka mlangoni.

Baba akaweka kiganja juu ya mlango wa tanuri. La mawe likishapata moto huwa nao mpaka kesho yake, hata kuni ziishe. Hili lilipoa chini ya mkono wake, nilimuona akihamisha kiganja akitafuta penye joto.

Akaniambia niende hotelini. Nikaenda, kwa ajili yake nikaenda, nikasimama mlangoni kwao jenereta likinguruma na jiko lao linawaka. Meneja ni kijana wa hapa hapa Unguja, ananijua, nimemsomesha dada yake. Akaniambia chakula cha nje hakiingii jikoni mwao, ni kanuni za usafi. Nikamwambia ni mikate ya sikukuu ya mtaa mzima, ya mama yake imo. Akasema anajua. Nyuma yake ukutani palikuwa na kibao chenye picha ya jani, kinasema kwamba hoteli hii inaijali dunia. Nikamwambia maneno ambayo mtu aliyefunga hayasemi, nikarudi.

Na mwezi, bila shaka, ukaandama.

Wa mwanzo kuja alikuwa bibi wa ghorofani, jirani yetu wa mkabala, mjane aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Kesho yake asubuhi alikuwa ampokee mwanawe kutoka Maskati, miaka hajamuona, anakuja na mke ambaye bibi hajapata kumtia machoni. Alimulika tochi ya simu juu ya sinia lake. Mkate wa mchele ulikuwa umeumuka ukafurika, ukashuka, na harufu yake ilikuwa ya tembo la mnazi.

"Umeme, Bi mkubwa," baba akasema. "Umekatika."

"Mie sikumpa umeme sinia langu. Nimekupa weye."

"Kweli."

"Hukuweza kusema huwezi?"

Bibi akaliinua sinia, akalipindua pale pale kizingitini, akalikung'uta, akaondoka nalo. Hakupaza sauti hata kidogo. Waliomfuatia waliukuta uji ule mlangoni wakajua kinachofanywa, na mtu wa kwanza akishamwaga, wa pili haoni haya. Walimwaga wote, wengine kwa hasira, wengine kwa kuwa wenzao wamemwaga. Mmoja alimwomba baba radhi huku akimwaga. Mama yake meneja naye alimwaga. Baba alisimama nyuma ya kizingiti mikono imening'inia, na kila aliyemwaga, baba alimwambia Idi mubarak.

Alikisugua kizingiti mwenyewe. Nilitaka kumsaidia akaniambia niende zangu nikalale.

Baada ya hapo hata boflo haikupata mnunuzi. Watoto wa mtaa walimwita Mzee Giza, na wazazi wao waliwasikia. Afisa alikuja, akalia mbele yetu, akaahidi atafuatilia, na kweli akafuatilia. Miezi ikapita, laini ikabadilishwa, nguzo mpya zikaja, na tangu hapo umeme wa mtaa wetu umetulia. Mpango ulitimia, tusiwanyime haki yao. Kilichotokea ni kwamba walianza kuvunja kabla ya kujenga, na aliyesimama katikati alikuwa baba yangu.

Mvua za masika zilipokaribia wakaja watu wengine, wa hoteli moja ya Kiwengwa. Wameliona bango. Wamejenga tanuri la mawe bustanini, karibu na bwawa la kuogelea, na wanamtaka mzee wa asili, avae kanzu na kofia, aoke mikate wageni wakimtizama.

"Kwa umeme?" baba akauliza.

"Aa, mzee. Kuni. Wageni wanapenda ile harufu."

Nikawauliza kwani kuni si zimekatazwa. Wakacheka, wakasema kule ni utamaduni. Mshahara wenyewe baba hajapata kuuona maishani mwake. Akawasikiliza mpaka mwisho, akawatilia kahawa, kisha akasema hawezi, kwa sababu Ramadhani iko karibu na masinia ya watu hana wa kumwachia.

Walipoondoka nilimgeukia. "Masinia gani, baba?"

"Umeme sasa hivi haukatiki."

"Nakuuliza masinia gani. Ya nani?"

"Watakuja," akasema. "Watu husahau."

Nikamwambia mjinga kabisa angekuwa na nafuu kuliko yeye. Nilimwambia hivyo baba yangu mzazi. Akaokota vikombe vya kahawa, akaenda kuviosha.

Ikafika ishirini na tisa nyingine. Tangu asubuhi alideki, akafungua ubavu mmoja wa mlango, akaliwasha tanuri, akaketi kwenye kigoda akiwa kavaa kanzu. Adhuhuri ikapita. Wanawake walipita na maboksi ya keki za dukani. Wengine, nilijua, walishanunua majiko ya gesi yenye tanuri dogo chini. Baba aliwaamkia, wakamjibu, wakapita. Kila kivuli kikikata kona alikuwa akiinuka kidogo, kisha anakaa. Nilikuwa juu dirishani nikimtizama, na huruma yangu mie huja na hasira, siwezi kuzitenganisha. Tanuri linaunguza umeme bure na mzee anajitia aibu mbele ya watu.

Alasiri nikashindwa. Nikatoa sinia jipya ambalo halijapata kutumika, nikakanda nankhatai kwa samli nzuri, nikazunguka nalo kwa mlango wa nyuma, nikamwambia ni la bibi wa ghorofani, kanipa mie ngazini.

Alilipokea kwa mikono miwili.

Hakuketi tena. Alisimama mbele ya kioo cha tanuri mpaka zikaiva, akazitoa, akazifunika kitambaa cheupe. Zilikuwa zimetoka vizuri, zina rangi moja, ufa mdogo katikati kama inavyotakiwa. Akasema, "Mpelekee zingali moto."

Hilo sikulifikiria. Nikavuka uchochoro nikapanda kwa bibi, baba akinitizama kutoka mlangoni kwetu, sina pengine pa kwenda. Bibi akafungua. Nikamwambia ukweli wote kwa sauti ndogo. Nikamwambia, "Zichukue tu, bibi, baba anadhani ni zako. Sikuombi jingine."

Akafunua kitambaa, akaziangalia.

"Unajua mke wa mwanangu alifungua Idi kwangu kwa kitu gani? Kwa biskuti za dukani," akasema. "Mpaka leo wanaisimulia huko Maskati. Mwanangu hajarudi tena."

"Baba ni mzee mwenzio, bibi."

"Ndoo ya makombo ya mbuzi ile pale kwenye pembe. Zitie humo, na sinia liegemeze ukutani, baba yako asije akakuona unarudi nalo."

Nilizitia mwenyewe, kwa mkono wangu, yeye kasimama ananingoja nimalize. Kisha akafunga mlango taratibu.

Baba alikuwa bado kasimama pale pale.

"Kasemaje?"

"Kasema Mungu akupe umri."

"Kaziona zilivyotoka?"

"Kaziona. Kazifurahia sana."

Akatikisa kichwa, akaangalia jua lilipofika. "Basi nisizime," akasema. "Akishawaambia wenziwe watateremka wote kwa mara moja." Akaenda kuufungua na ubavu wa pili wa mlango, akautia kabari usirudi.