Karatasi ya Mkono wa Kushoto

Karatasi ikiungua, hata ya kuwashia makaa tu, pua yangu hunirudisha kwenye kiwanja cha kanisa letu, Butembo, wiki ile ya kabla ya Pasaka. Nilikuwa na miaka tisa. Katekista alitugawia vikaratasi tuandike dhambi zetu, kisha zichomwe.

"Muandike yote," alisema. "Hakuna mutu atasoma."

Sikumwamini. Ndiye aliyetufundisha darasani, aliujua mwandiko wa kila mtoto, na kila Jumapili alipita kwetu kunywa chai na mama. Niambieni ninyi, ulimi wa mtu unaaminikaje mbele ya chai yenye sukari nyingi?

Nami nilikuwa na jambo. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimelamba maziwa ya unga ya mdogo wangu mpaka kopo likabaki tupu. Mama alipouliza, nilimsingizia Kavira, niliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, binti wa shangazi yangu aliyeletwa kwetu asome. Alikana, lakini hakuaminiwa. Wakamrudisha kijijini kwao, Masereka, kwa pikapu ya vitunguu. Shule ikaishia hapo, akashika jembe.

Basi nikaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikiyumba kama walevi, kwamba nilisinzia kwenye misa. Nikamkazia macho katekista. Hakufunua hata kikaratasi kimoja. Alivimwaga vyote motoni, na mimi nikafurahi kwamba nimemweza.

Mwaka jana, nikiwa sasa mama wa watoto wanne, nilisimama katika kikundi cha sala kule Beu, Beni, nikatoa ushuhuda. Nilisema yote: kopo, pikapu, mkono wa kushoto. Nililia, wakalia nami, wakanipigia makofi. Nililala usingizi mtamu sana.

Habari ilifika Masereka kabla yangu. Nilipokwenda kumsalimia, Kavira alikuwa anachambua maharagwe, na hakuinua uso.

"Ulisemaka kwa batu bote," alisema. "Lakini kwangu, hapana."

Niliona aibu ambayo kule Beu sikuiona kabisa. Maskini katekista, nilimshuku bure. Miaka yote niliogopa nani atasoma, kumbe niliyemkimbia alikuwa mmoja tu, na hata makofi yale yalinisaidia kumkwepa.

Nikakaa chini, nikavuta ungo upande wangu, nikaanza kumwambia yote upya, tangu kwenye kopo. Kavira aliendelea kuchambua. Hakuna aliyelia.