Marcelina na lori lililogoma Ujiji

Saa kumi na mbili asubuhi, Marcelina Pastory yuko uvunguni mwa lori, inaonekana miguu tu. Lori limejaa mahindi ya wakimbizi wanaovuka kutoka Burundi mwaka huu. Kambini wanayasubiri, nalo limegoma kuwaka.

"Shikamoo Mzee. Nipe mpaka saa nne," anasema kutoka chini.

"Marahaba. Ikipita hapo, namwita fundi wa mjini," anajibu Mzee Mwinshehe, mwenye lori, kajishika kiuno.

Dereva, Leodgar, keshatoa hukumu: pampu ya dizeli imekufa. Mpya ni laki tisa. Marcelina hakubali ng'o.

Mwaka wa kumi na moja huu anafungua injini, lakini wengi bado humletea pancha tu. Hili ndilo lori la kwanza la Mwinshehe kuguswa na mwanamke. Akishindwa, habari itafika Kigoma mjini kabla hajanawa mikono.

"Injini ya dizeli haina makuu," anasema. "Ipe mafuta safi, itakuzika."

Anapiga stata. Inazunguka vizuri, kwa hiyo betri ni nzima. Lakini bomba halitoi moshi hata kidogo, maana yake mafuta hayafiki. Anafungua filta. Lo! Ndani kuna uji wa rangi ya chungwa, umeganda. Ananusa, kisha anacheka mpaka anakaa chini.

"Leodgar, jana dizeli ulibebea nini?"

"Dumu."

"Dumu la nini?"

Dereva anakuna kichwa. "La mawese. Lakini nililisuuza!"

"Kwa maji?"

"Sasa kwa kitu gani tena, dada?"

Kigoma nyumba gani haina dumu la mawese? Na maji hayajawahi kuyaondoa. Mchana na joto lake huoni kitu. Baridi ya alfajiri ikiingia, yanaganda na kuziba filta. Masikini pampu, inasingiziwa.

Marcelina anamwaga mafuta yote, anaosha tangi kwa dizeli safi, anafunga filta mpya. Kisha analegeza boliti ya bomba la mafuta na kupampu kwa mkono kutoa hewa iliyoingia, mpaka mapovu yanakwisha.

Stata. Injini inakohoa, inazima. Mwinshehe anatazama saa: bado dakika tano. Stata tena, inazima tena.

"Hapo niliogopa, nisikudanganye," Marcelina anakiri kwa Leodgar baadaye.

Mara ya tatu inanguruma. Moshi mweupe, halafu inatulia.

Mwinshehe haombi radhi, hiyo si desturi yake. "Nina mengine matatu," anasema. "Uwe unayakagua kila mwezi."

Sasa Marcelina anataka kukodi banda lenye sakafu ya saruji, amechoka kulala kwenye vumbi. Na ana jambo lingine.

"Mpaka leo gari likiharibika, watu wanaambizana, 'Lipeleke kwa yule mama.' Sitatoka Ujiji mpaka waseme, 'Lipeleke kwa fundi.'"